Nani Atabisha?

Bi Bożydara hakutumia wino mwekundu.
Alitumia penseli, tena butu,
na pembeni mwa sentensi yangu ya kwanza
akaandika maneno mawili:
Nani atabisha?

Nilikuwa nimeandika:
"Makaa ya mawe yana faida zake na hasara zake."
Sentensi safi, imechana nywele,
imeweka mikono mapajani kama mgeni wa posa.
Nikaenda nayo nyumbani niitazame tena.
Kweli, hakuna wa kubisha.
Hata paka wa mlinzi pale getini mwa mgodi
angeitikia kwa kichwa, akaendelea kulala.

Nikaandika nyingine: "Hewa chafu ni mbaya."
Nani atabisha?
Nyingine: "Nayachukia makaa."
Hapo aliniita mezani kwake,
akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya skafu.
"Otylia, chuki yako ni yako, kama pua yako.
Siwezi kubishana na pua.
Niletee neno ambalo mtu mwenye akili timamu,
mtu unayempenda,
anaweza kulikataa na asiwe mjinga."

Nilirudi kwa miguu kando ya reli ya mabehewa.
Novemba hapa Silesia, saa tisa tu na jua limeshachoka,
theluji ya jana ina madoadoa
kama ovaroli ya fundi.
Mama alikuwa akifuta vizingiti vya madirisha,
kama afanyavyo kila Jumatatu na kila Alhamisi,
kitambaa kinatoka cheusi,
kinasuuzwa,
kinatoka cheusi.
Sikuwahi kuliita jambo hilo hoja.
Nililiita Jumatatu.

Usiku ule nikagundua kuwa miaka yote nimeandika kama panya:
nauma, napuliza,
"kwa upande mmoja", fuu,
"kwa upande mwingine", fuu,
msomaji alale asijue kaumwa.
Nikaandika bila kupuliza:
Mgodi wetu ufungwe.

Nikaliacha daftari wazi karibu na sufuria ya supu.
Sijui kama nilisahau au nilikusudia.
Kaka yangu Alojz akaingia kutoka zamu ya pili
na ule wanja wa vumbi usiotoka kwenye kope
hata aoge mara ngapi.
Akasoma huku akila.
Akaweka kijiko chini.
"Ufungwe lini? Na nani?
Na mimi nile nini, daftari lako?"

Sikuwa na jibu.
Yeye alimaliza supu, akaenda kulala,
na maswali yake matatu yakabaki mezani pamoja na bakuli.
Nikachukua kifutio. Safari hii si kwa kupuliza;
nilitaka nafasi
ya kumwingiza Alojz ndani ya sentensi,
na viatu vyake, na njaa yake:

"Mgodi wetu ufungwe ndani ya miaka kumi,
na kila mchimbaji alipwe mshahara wake kamili
mpaka apate kazi nyingine,
hata kama sote tutalipia umeme zaidi."

Ile "hata kama" peke yake ilinila saa nzima.
Mama alisomea begani mwangu.
"Sote? Hata mimi?"
"Hata wewe, Mama."
Hakusema kitu.
Alikwenda kuzima taa ya korido.

Asubuhi Bi Bożydara alisoma mara mbili.
Penseli ilining'inia hewani, haikushuka.
Nje, lori lilipita, vioo vikatetemeka,
darasa zima likasubiri lipite.

"Miaka kumi ni mingi mno," akasema.
"Mume wangu alikohoa minane tu."

Kisha akakivuta kiti cha pili,
kile ambacho huwa anawekea koti lake,
akalitoa koti.
"Kaa hapa," akasema.
"Mimi nabisha. Haya, nishawishi."